Tarehe 12 Agosti 1897 na leseni ya New York

Mwanafunzi wa sheria nchini Kenya huikariri tarehe hii katika wiki zake za kwanza chuoni: 12 Agosti 1897. Kifungu cha 3 cha Sheria ya Mahakama kinasema kwamba mahakama zetu, pamoja na kufuata Katiba na sheria za Bunge, zitafuata kiini cha komoni loo, yaani sheria ya Kiingereza iliyojengwa na maamuzi ya majaji, misingi ya ekwiti, yaani kanuni za haki za kulainisha ukali wa sheria hiyo, na sheria za matumizi ya jumla zilizokuwa zikitumika Uingereza siku hiyo. Waganda wana tarehe yao, 11 Agosti 1902. Wenzetu wa Tanzania Bara wana 22 Julai 1920. Tunazikariri kwa ajili ya mtihani, tunazitaja kwa uchungu tukizungumzia ukoloni, kisha tunazisahau.

Tarehe hizo zina kazi nyingine, kwa anayetafuta leseni ya uwakili Marekani, ambayo vijana wetu wengi hawaijui, na kutoijua kunazigharimu familia pesa ambazo hazina.

Mwaka jana binti mmoja aliyekuwa akimalizia uanagenzi wa uwakili ofisini kwangu, Barabara ya Nkrumah, Mombasa, aliingia asubuhi na mapema akiwa ameshika simu kwa mikono miwili.

"Shikamoo, Wakili. Nimepata."

"Marahaba, mwanangu. Umepata nini?"

Alikuwa amekubaliwa LLM, shahada ya uzamili ya sheria ya mwaka mmoja, katika vyuo viwili vya Marekani. Kimoja kilitaka amana ndani ya wiki 3. Babake alikuwa ameshazungumza na mnunuzi wa kiwanja chao cha Mtwapa. Nikamuuliza kwa nini anaitaka shahada hiyo. Akanijibu kwa uhakika wa mtu aliyeambiwa jambo mara nyingi: bila LLM haruhusiwi kufanya mtihani wa uwakili wa New York.

"Nani amekwambia huruhusiwi?"

Akanyamaza. Hakuna aliyemwambia kwa jina. Ni habari iliyomo hewani, kila mtu anayo na hakuna aliyeisoma mahali.

Basi tuisome. Leseni ya uwakili Marekani haitolewi na chuo, wala na serikali kuu ya Washington. Kila jimbo lina mahakama yake ya juu, na mahakama hiyo ndiyo inayoamua nani asimame mbele ya majaji wake. New York kanuni za kazi hiyo hutungwa na Mahakama ya Rufani, ambayo ndiyo ya juu kabisa jimboni humo, na ile inayomhusu aliyesomea sheria nje ya Marekani ni namba 520.6. Kanuni hiyo ina maswali mawili makubwa. La kwanza ni la muda: je, ulisomea sheria kwa muda unaolingana na wa chuo cha sheria cha Marekani, yaani angalau miaka 3 ya masomo ya kutwa, katika chuo kinachotambuliwa na serikali ya nchi yako? La pili ni la asili: je, sheria ya nchi yako imejengwa juu ya komoni loo ya Kiingereza?

Mkenya aliyekaa miaka 4 darasani akasoma shahada ya kwanza ya sheria ana jibu la swali la kwanza. Jibu la pili ni kile kifungu cha 3 na tarehe yake. Mganda na Mtanzania wanaweza kujibu vivyo hivyo. Ukikidhi yote mawili, na ukionyesha kwamba umetimiza masharti ya kitaaluma ya kuwa wakili kwenu, New York haikudai LLM. Unaruhusiwa kuketi mtihani pamoja na aliyemaliza miaka 3 ya chuo cha pale pale Manhattan.

Nikimweleza mtu jambo hili huniangalia kama ninayemdanganya. Lakini undugu huu wa kisheria haukuanza jana. Kila mwanafunzi wetu anajua kesi ya Donoghue dhidi ya Stevenson ya mwaka 1932, ya yule mama wa Scotland na konokono ndani ya chupa ya bia ya tangawizi, na anaweza kukueleza katikati ya usingizi kanuni ya Lord Atkin, mmoja wa majaji wake, kuhusu jirani unayepaswa kujihadhari usimdhuru. Wachache huikumbuka sehemu ya hukumu ambamo Lord Atkin aliitaja kwa kuiunga mkono kesi ya MacPherson dhidi ya Buick, ya mwaka 1916, kuhusu gurudumu la gari lililovunjika. Kesi hiyo iliamuliwa na Jaji Cardozo katika Mahakama ya Rufani ya New York, mahakama ile ile yenye kanuni ya 520.6. Sheria ya uzembe unayoitumia leo katika mahakama ya Mombasa, mtu akigongwa na matatu, ina damu ya New York ndani yake.

Kwa ndugu zetu wa Kongo na Burundi hali ni tofauti, na lazima niiseme wazi kwa sababu ushauri wa Nairobi hubebwa ukapelekwa Bujumbura bila kupimwa. Wakili wa Lubumbashi, Bukavu au Bujumbura amesoma sheria ya mfumo wa Ubelgiji, ile ya kanuni zilizoandikwa kwa vifungu. Miaka ya masomo anayo, komoni loo hana. Kwake LLM ina kazi ya kweli, maana kanuni inaruhusu upungufu mmoja uzibwe kwa shahada hiyo. Na si LLM yoyote: iwe na krediti zisizopungua 24, isomwe ana kwa ana Marekani katika chuo kilichoidhinishwa na Chama cha Mawakili cha Marekani, na ndani yake mwanafunzi achukue krediti 2 za maadili ya uwakili, 2 za utafiti na uandishi wa kisheria, 2 za utangulizi wa mfumo wa sheria wa Marekani, na 6 za masomo yanayotahiniwa. Vyuo vingi vina LLM nzuri sana ya haki za binadamu au ya kodi ambayo, ukiifuata kama ilivyopangwa bila kuhesabu krediti hizi, utaimaliza na mlango wa mtihani ubaki umefungwa.

Yuko pia Mwafrika Mashariki aliyesoma shahada nyingine kwanza, kisha akachukua ile shahada ya sheria ya miaka 2 ya Uingereza. Huyo ana komoni loo, muda ndio umepungua, naye LLM itamfaa. Mwenye upungufu wote wawili hawezi kuuziba kwa LLM. Na aliyesoma kwa masafa, hata kama shahada yake inaheshimika nyumbani, aiulize Bodi ya Watahini wa Sheria ya New York kabla ya kulipa senti popote, kwa sababu masomo ya masafa ni kikwazo kikubwa kwao.

Ushauri wangu wote uko katika kuliuliza hilo mapema. Bodi hiyo hupokea ombi la kupima shahada yako na hukujibu kwa maandishi. Anza mwaka mzima kabla ya mtihani, na ikiwezekana kabla hujafungua ukurasa wa chuo chochote. Tumezoea kuanza na chuo kwa sababu jina la chuo ndilo linalopigiwa vigelegele harusini na msibani. Anza na kazi unayotaka kuifanya, kisha jimbo ambalo kazi hiyo ipo, kisha mahakama ya jimbo hilo inataka nini. Chuo kinakuja mwisho.

Kuruhusiwa kuketi mtihani si kufaulu, na hapa simfichi mtu. Mtihani wa New York, ule wa pamoja unaotumiwa na majimbo mengi, huchukua siku 2: maswali 200 ya kuchagua jibu, insha 6, na kazi 2 za kiofisi ambapo unapewa faili na kuandika kama wakili. Alama ya kufaulu ni 266 kati ya 400. Mtihani huu wenyewe uko njiani kubadilishwa, na New York imepanga kuhamia mtihani mpya Julai 2028. Waliosoma nje hufaulu kwa kiwango cha chini sana kuliko waliosoma Marekani. Sababu si akili. Mkenya anayejua sheria ya ushahidi anajua ile iliyotokana na Sheria ya Ushahidi ya India ya mwaka 1872, nayo haimfundishi namna ya kupinga swali la wakili mwenzako mbele ya juri, yaani raia wa kawaida wanaoketi kuamua kesi. Hajawahi kuona juri. Hajawahi kujiuliza kesi hii ni ya mahakama ya jimbo au ya shirikisho, swali ambalo mwanafunzi wa Marekani huanza nalo. Kuna mengi ya kusoma upya, na mwaka mmoja wa LLM unaweza kusaidia kuyasoma. Lakini huo ni msaada, na msaada una bei ya kulinganishwa na njia nyingine za kujiandaa. Hauwi sharti kwa sababu tu watu wamezoea kuuita sharti.

Bei yenyewe ni hii: karo ya LLM katika vyuo vikubwa imepita dola 70,000 kwa mwaka, kabla ya chumba, chakula na bima ya afya.

New York si jimbo pekee. California humruhusu wakili aliyekwisha kuapishwa nchi nyingine kuketi mtihani wake bila kuongeza masomo ya sheria Marekani. Soma neno "kuapishwa" mara mbili: mwenye shahada tu, ambaye hajamaliza Shule ya Sheria ya Kenya na kuingizwa kwenye daftari la mawakili, hayumo. Ndiyo maana huwaambia wanagenzi wangu wasikimbilie ndege wakiwa wamebakiza miezi 6 ya uanagenzi. Majimbo mengi mengine hayamtaki kabisa mtu asiye na JD, yaani shahada ya sheria ya miaka 3 ya kwao. Na wanaoogopa kwamba leseni ni ya raia tu wajue Mahakama ya Juu ya Marekani ililimaliza jambo hilo mwaka 1973, katika kesi ya Griffiths, mwanamke Mholanzi aliyezuiwa Connecticut kwa sababu ya uraia wake. Alishinda.

JD ndiyo njia ya anayekusudia kuishi na kufanya kazi huko. Karo pekee ya miaka 3 katika vyuo vya juu hupita dola 200,000, na utafanya LSAT, mtihani wa kuingilia vyuo vya sheria wenye alama kati ya 120 na 180, au GRE kwa vyuo vinavyoikubali. Jambo moja ambalo washauri wa kulipwa hawalitaji: chuo kinaruhusiwa kumhesabia aliyesoma sheria nje hadi theluthi moja ya krediti za JD. Vyuo kadhaa hufanya hivyo, na mtu humaliza kwa miaka 2. Uliza kabla ya kuomba, kwa barua pepe, upate jibu lililoandikwa.

Sisemi LLM haina thamani. Makau Mutua alitoka Dar es Salaam na shahada zake za sheria, akaenda Harvard, na kati ya 2008 na 2014 akawa mkuu wa chuo cha sheria cha Buffalo, katika jimbo lile lile la New York. James Gathii alitoka Chuo Kikuu cha Nairobi, akapita Harvard, leo ni profesa Chicago. Joe Oloka-Onyango alitoka Makerere, akaenda Harvard, akarudi kufundisha Makerere. Wote watatu walikuwa wakiufuata ualimu na utafiti, wakaenda hadi udaktari wa sheria. Kwa njia hiyo LLM ni hatua yenye maana. Kinachoniuma ni kiwanja cha Mtwapa kuuzwa ili kununua ruhusa ambayo binti tayari anayo.

Sasa karatasi, ambako maombi mazuri huharibika.

Kwetu 70 ni A. Mhadhiri akikupa 68 unatoka ofisini kwake ukitabasamu. Msomaji wa Marekani akiiona 68 bila maelezo anaona mtu aliyekaribia kuanguka. Shirika la LSAC, linalokusanya maombi ya vyuo vya sheria, halimtolei mwombaji wa JD aliyesoma nje wastani wa GPA wa Kimarekani. Matokeo yake hupimwa kwa maneno, kama vile bora, juu ya wastani, wastani. Mpimaji anahitaji kujua chuo chako hutoa daraja la kwanza kwa wangapi. Kwa hiyo hati ya matokeo isiyo na ufafanuzi wa alama mgongoni ni hati nusu. Wasajili wa vyuo vyetu wangeweza kulitatua hili kwa aya moja iliyochapwa, na ninawaomba walitatue.

Majina nayo. Cheti cha kuzaliwa kinasema Fatuma, cha KCSE kinasema Fatma, pasipoti imeongeza jina la babu, hati ya chuo imeliacha. Nyumbani sote tunajua ni mtu mmoja. Ng'ambo hao ni watu watatu, na utakula kiapo kwa kila tofauti. Fanya marekebisho miaka miwili kabla, ukiwa bado huna haraka.

Halafu bahasha. Hati rasmi hutakiwa kutoka chuoni moja kwa moja, na ikiwa ni ya karatasi, iwe kwenye bahasha iliyogongwa muhuri juu ya mkunjo. Binti yangu wa ofisini alifuatilia yake kwa wiki 5. Alipoipata, ikiwa na mihuri miwili ya buluu na sahihi iliyokatiza mkunjo, akaiweka mezani nyumbani usiku mmoja kabla ya kuituma. Mamake akaifungua kwa kisu cha jikoni, taratibu, bila kuichana, aone kama jina la mwanawe limeandikwa sawa. Lilikuwa sawa. Mama alilia aliposikia alichokifanya, na binti akarudi kupanga foleni. Hakumlaumu mamake, nami nilimpenda zaidi kwa hilo.

Barua za mapendekezo ni ugonjwa wetu wa zamani. Mhadhiri mwenye wanafunzi 300 anakwambia, "Iandike wewe, uniletee nisaini." Mwanafunzi anaandika kwamba yeye ni mwenye bidii, mwaminifu na mwenye nidhamu. Barua tatu zinafika na sauti moja, ya mwanafunzi mwenyewe, na kamati ya udahili inaijua sauti hiyo kwa sababu imekwisha kuisoma mara nyingi. Mpelekee mhadhiri insha aliyokusahihishia, mkumbushe hoja mliyobishania, kisha mwache aandike aya mbili zake. Aya mbili za mtu anayekujua zitakusaidia kuliko kurasa mbili za sifa.

Na maelezo binafsi. Tunaandika kama tunaowasilisha hoja mahakamani: kwa unyenyekevu naomba, kwa heshima nasisitiza. Au tunaanza na utoto, tulivyoona dhuluma kijijini tukaapa kuwa sauti ya wanyonge. Siwacheki, kwa wengi ni kweli tupu. Lakini anayesoma anataka kujua umefanya nini na sheria tangu uijue, na chuo chake kina nini ambacho kwenu hakipo.

Kuhusu viza nitasema machache kwa sababu mambo hubadilika. Juni 2025 Marekani ilisimamisha viza za wanafunzi kwa raia wa Burundi, na Desemba mwaka huo Tanzania nayo ikaingizwa kwenye orodha ya vikwazo. Angalia orodha ilivyo siku unayotaka kulipa amana. Mhitimu mwenye viza ya mwanafunzi, F-1, huruhusiwa kufanya kazi miezi 12. Baada ya hapo mwajiri huhitaji kukuombea viza ya kazi, H-1B, yenye bahati nasibu, na tangu Septemba 2025 ombi jipya la aliye nje ya Marekani limewekewa malipo ya dola 100,000. Anayekwenda kwa Fulbright, ufadhili wa serikali ya Marekani, analazimika kurudi nyumbani miaka 2 kabla ya kuomba H-1B au ukaazi wa kudumu. Kwangu hilo si baya, mradi familia ilijue kabla ya sherehe ya kumuaga uwanja wa ndege.

Binti hakulipa ile amana. Jibu la Bodi lilimfika baada ya miezi kadhaa: shahada yake inatosha, anaweza kuomba kuketi mtihani. Tuliisoma barua hiyo mara tatu. Babake alimpigia mnunuzi wa kiwanja akamwomba radhi.

Sasa anaomba tena LLM, safari hii kwa sababu nyingine. Ameapishwa, anashughulikia kesi za mizigo bandarini, na anataka kusoma sheria ya meli. Tulane, New Orleans, ina LLM ya sheria ya bahari inayojulikana duniani, na anatafuta ufadhili kwanza. Nimemwambia atakuta jambo la ajabu huko: Louisiana ndilo jimbo ambalo sheria zake za kiraia zilitokana na kanuni za Wafaransa na Wahispania, kwa hiyo mwenzake wa Lubumbashi atajisikia nyumbani kuliko yeye.

Rasimu ya kwanza ya maelezo yake ilianza na ndoto za utotoni. Jana jioni aliniletea ya nne. Inaanza na kontena la mchele lililokwama Kilindini siku 41 kwa sababu hati ya shehena ilikuwa na jina la kampuni lisilo sahihi kwa herufi moja, na mchuuzi wa Kongowea aliyekuja ofisini na konzi ya mchele uliovunda kwenye mfuko wa plastiki, akauweka mezani, akauliza ni nani atakayemlipa.